Malisho ya Dagaa

Nimezaliwa Lamadi, kando ya ziwa, kwenye nyumba ambayo dagaa walianikwa mbele ya mlango na kuhifadhiwa nyuma ya kitanda. Nimeolewa na mtu wa Nkololo, ukoo wa ng'ombe tupu, watu wanaoweza kukaa nusu siku wakijadili pembe za ndama. Siku walipokuja kunichumbia, wajomba wa mume wangu walikula wali mtupu, kwa sababu mama yangu kwa furaha yake alikuwa ameandaa sangara wa kukaanga, sangara wa kuchemsha na mchuzi wa dagaa. Hakuwaza kwamba kuna binadamu asiyekula samaki. Wajomba nao hawakuwaza kwamba kuna nyumba isiyo na maziwa.

Siku hizi tunaishi Bariadi mjini. Mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki, nami nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Nina maneno mengi na hasira za karibu, na kuku wangu wanalijua hilo kuliko majirani. Asubuhi nikifungua banda nawasema mmoja mmoja, huyu mvivu wa kutaga, yule mwizi wa mayai ya wenzake, kisha nawapa chakula kizuri kuliko tunachokula wenyewe. Mume wangu husema nawatukana na kuwadekeza kwa wakati mmoja. Nami humwambia ndivyo nilivyomlea na yeye.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe aliacha kula. Sisemi aligoma. Ukimwekea sahani alikuwa akishukuru vizuri, anamega tonge moja, analitafuna kwa muda mrefu sana, kisha anaomba maji ya kunawa. Ukimwuliza anakwambia njaa haisikii. Alisema hivyo kwa upole, bila kulalamika. Shemeji zangu walimbembeleza kule Nkololo mpaka wakachoka, mwisho mume wangu akaenda kumchukua, mama akaja kukaa kwetu na begi dogo na khanga mbili. Nilipompokea mkono nilishtuka. Ulikuwa mwepesi kama mkono wa mtoto wangu mdogo.

Tulimpeleka hospitali. Akapimwa kila kinachopimika, na daktari akatuambia hana malaria, hana sukari, hana ugonjwa wowote anaouona. Ila akiendelea hivi, alisema, mwili utakosa cha kutumia, utaanza kujila wenyewe, na hapo hatutakuwa na muda mrefu naye. Akatutajia vyakula vya kumpa: nyama, maharage, maziwa, mayai na samaki. Mume wangu aliendesha pikipiki kurudi nyumbani, na mimi nikiwa nyuma na mama katikati yetu, nikaogopa kweli. Nilimpenda yule mama. Tangu siku ya kwanza hakuwahi kuninyanyasa, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo si zawadi ndogo.

Basi tukaanza. Nyama ilimshinda kwa sababu ya meno. Maharage alisema yanamjaza tumbo. Maziwa, yeye aliyeyanywa tangu utotoni na kuyatunza maisha yake yote, alisema hayashuki kooni tangu siku ya mazishi, na ndugu wakileta ya kutoka nyumbani aligeuza uso. Samaki hatukuthubutu hata kuwataja. Katika ukoo wao, mwanamke anayeshika vibuyu vya maziwa hali samaki, kwa sababu inaaminika kwamba mkono uliogusa samaki ukigusa kibuyu, ng'ombe wanakauka. Yeye alikabidhiwa vibuyu akiwa msichana, na hakuwahi kuonja samaki hata mara moja. Mimi mwenyewe nikienda Nkololo nilikuwa nikioga mara mbili kabla ya safari.

Yakabaki mayai. Nilimchemshia moja, nikalimenya, nikalikata vipande, nikatia chumvi kidogo. Akala kipande, akatulia, akala kingine. Halafu akamaliza lote. Nilikimbilia jikoni nikampigia mume wangu simu dukani kumwambia mama yake amemaliza yai zima, na yeye akanijibu kwa sauti ya kupasuka huku nasikia wateja wake wakimwuliza kuna nini.

Kuanzia hapo akawa wa mayai. Hakusema ana njaa, lakini la asubuhi alikula na la jioni alikula, kwa heshima ya kuku, alivyosema mwenyewe. Mashavu yakaanza kurudi. Akaanza kutoka nje, kuvuta kigoda chake mpaka mbele ya banda na kuwatazama kuku kwa jicho la mfugaji. Kuku wangu walikosolewa sana kipindi kile. Huyu ana miguu ya ovyo, yule hafai kuachwa na jogoo. Nilimwachia, maana mtu anayekosoa bado ana shughuli na dunia.

Sasa nieleze ule upumbavu wangu, ambao nadhani mtu wa ziwani tu ndiye angeufanya. Kuku wa mayai hulishwa pumba za mahindi, mashudu ya pamba au ya alizeti, chokaa, na vumbi la dagaa kidogo. Nasisitiza kidogo. Msimu ule mvua ilinyesha ghafla Lamadi dagaa wakiwa kwenye chanja, wakaharibika rangi, wakawa si wa kuliwa na watu tena. Mama yangu akawaanika upya, akanitumia gunia zima kwa ajili ya kuku. Mimi nikaona hii ndiyo dawa. Kama kijiko kimoja cha dagaa kinamtoa kuku yai zuri, kopo zima litamtoa yai la kumnyanyua mama mkwe kitandani. Nikamimina. Kuku walikula wakiruka, na mimi nikawasimamia nikiwapa moyo.

Mayai yakaanza kunuka samaki. Mimi sikusikia, kwa sababu pua iliyokulia kwenye dagaa haina habari na dagaa. Watoto hawakusikia, wamenifuata mimi. Mume wangu alisikia lakini akadhani ni mikono yangu, na kwa kuwa anapenda amani, alinyamaza.

Mama mkwe alisikia. Asubuhi moja aliweka kipande mdomoni, akakitoa taratibu, akakilaza pembeni ya sahani. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hawa kuku wanakula nini?"

Ningeweza kumdanganya. Maneno ya uongo yalikuwa tayari ulimini, mashudu, pumba, majani ya kabichi. Lakini alikuwa akinitazama kwa utulivu mkubwa, nikamwambia kweli yote: dagaa, tena si wa wiki hii tu, bali tangu yai lile la kwanza. Akasema asante, akanawa, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Siku ile nyumba yangu haikuwa na raha. Mume wangu aliporudi mchana alinilaumu kwa sauti ya chini, nami nikamjibu kwa sauti ya juu. Akasema nimemlisha mama yake mwiko wake. Nikamwambia nimemlisha mayai, na kama ana kuku wanaokula sala awalete. Yeye akasema sijui mambo ya kwao, mimi nikasema kwao ndiko mama alikokuwa anakwisha. Tulikuwa tunapigana kwa sababu tulikuwa na hofu ileile. Kulikuwa na chakula kimoja tu duniani ambacho mama yule alikubali, na mimi nilikuwa nimekiharibu. Hakula mchana, na jioni alikunywa chai tu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta kwenye kigoda chake mbele ya banda. Akaniashiria nikae. Nikageuza ndoo nikaikalia, nikajiandaa kusemwa. Yeye akaanza mbali kabisa.

"Ng'ombe anakula nini?"

Nikasema majani.

"Na mimi nimekunywa maziwa tangu nizaliwe. Uliwahi kuniona nakula majani?"

Nikasema hapana, mayu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo nilivyozoea kumwita mambo yakiwa mazito.

Basi akanieleza alivyowaza usiku mzima. Majani yakishaingia ndani ya ng'ombe si majani tena. Yamekuwa ng'ombe, na kinachotoka ni maziwa. Kwa hiyo dagaa akishaingia ndani ya kuku si dagaa tena, amekuwa kuku, na kinachotoka ni yai. Mwiko wake haujaguswa. Tatizo ni kwamba mimi nimewazidishia. Ng'ombe nao, alisema, wakila majani yenye harufu kali, maziwa yanabeba harufu, na mtu mwenye akili hawachinji kwa hilo, anawahamisha tu malisho. Kwa hiyo nipunguze dagaa, nisubiri siku chache, yeye ataendelea na mayai.

Nilicheka kwa nafuu mpaka ndoo ikataka kunitupa. Nikampigia mama yangu Lamadi kumwuliza kipimo, akanitukana kidogo kwa kuwamalizia kuku gunia, akanielekeza. Lakini mama mkwe alikuwa hajamaliza. Alipokwisha kumfikia dagaa, hakutaka kuishia hapo. Akaniuliza dagaa naye anakula nini.

Hapo nikalazimika kukumbuka baiolojia ya sekondari. Mwalimu wetu alituchorea ubaoni pwani ya bahari, yenye kaa na pweza na papa, na mishale kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye kitabu. Sisi tuliosikia mawimbi ya ziwa kupitia dirishani tukamkariri papa ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Nikabadilisha majina tu. Nikamwambia dagaa anakula vidudu vidogo vya majini, vidogo mno, pamoja na viluwiluwi vya wale inzi wa ziwani wanaotoka kama moshi. Navyo vidudu vinakula nini? Vinakula mwani, ule ukijani unaoelea majini. Na mwani? Mwani hauli mtu, unatumia jua, kama majani yanavyotumia jua.

Akatazama juu, akatazama kuku bandani, akatikisa kichwa. Akasema anataka kuyaona hayo malisho. Mwanamke aliyekuwa hataki kutoka chumbani miezi iliyopita alitaka apelekwe ziwani, na hakutaka kusubiri.

Mume wangu alifunga duka siku hiyo, jambo ambalo halifanyi hata akiumwa jino. Alikodi mchomoko, yale magari madogo ya abiria, peke yetu, akamweka mama yake mbele. Njia nzima mama alihesabu mifugo ya watu na kuitolea hukumu. Tulipofika Lamadi jua lilikuwa limeshapanda na wanawake walikuwa kwenye chanja wakigeuza dagaa. Mama yangu alikuja kutupokea akiwa na magamba mikononi, akakumbuka, akarudi mbio kunawa. Akarudi, wakaamkiana kwa mwangaluka, salamu ndefu ya wakwe, habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ng'ombe, za ziwa. Kila mmoja alimwulizia mwenzake kitu asichokijua kwa adabu kubwa.

Kisha tukashuka ufukweni. Mama mkwe alishangazwa kwanza na ndege. Korongo walikuwa wamesimama pembeni wakisubiri, mnandi wakikausha mabawa kwenye mawe, mdiria akining'inia hewani na kujitupa majini, na yangeyange wakitembea kati ya wanawake bila haya. Mama yangu ana fimbo maalumu ya kuwafukuza, na ana matusi maalumu pia, ndiyo maana watu husema sikuokota tabia yangu barabarani. Mama mkwe akamwuliza mbona anawaachia wengi hivyo. Mama yangu akajibu kwamba ukiwazuia wote utakufa wewe kwa kukimbia, na kwamba hata korongo ana watoto.

Upepo ulikuwa umesukuma maji ya kijani mpaka ufukweni. Sisi watu wa ziwani tunayalaumu sana maji yale. Yanachafua nguo, yanaacha utando kwenye ndoo, na yakikaa sana yananuka. Mama yangu akaanza kumwomba radhi mgeni kwamba amekuja siku mbaya. Mama mkwe hakusikiliza. Alivua ndala, akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, akainama, akachota kwa kiganja na kuyaangalia kwenye jua.

"Kumbe ni nyasi," alisema.

Akasimama akatazama ule ukijani ulivyotanda mpaka mbali, kwa macho yale anayotazamia mbuga baada ya mvua. Nimekulia pale, nimeogelea pale, nimepigwa na mama yangu pale kwa kuchafua gauni kwa ukijani ule, na sikuwahi kuliona ziwa kama malisho. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Ilikuwa kama mtu amenionyesha chumba kipya ndani ya nyumba yetu ya zamani.

Tukiwa palepale akapita kijana na baiskeli, nyuma amefunga sangara mmoja mkubwa, mkia ukigusa vumbi. Mama mkwe akauliza yule naye anakula nini. Mama yangu akamwambia anakula dagaa, anakula furu, wale samaki wengine wadogo, hata watoto wake mwenyewe anakula. Mama mkwe akafikiri. Akasema basi ndani ya yule mmoja kuna kundi zima la dagaa. Mama yangu akasema kundi ni dogo, sema ukoo.

"Na wote wale wamekwenda wapi? Mbona yeye ni mmoja tu?" mama mkwe aliuliza.

Hilo ndilo swali ambalo mwalimu wetu alitumia kipindi kizima kulijibu. Nikamwambia nilivyokumbuka. Kila anayekula hubaki na sehemu ndogo tu ya alichokula, na nyingine yote huitumia kwa kuogelea, kupumua, kukimbia adui na kutafuta kingine. Mwani mwingi sana unatoa vidudu kiasi, vidudu vile vinatoa dagaa wachache zaidi, na dagaa wengi wanatoa sangara mmoja wa kufunga kwenye baiskeli. Nguvu ya jua inapita kwa kila mmoja na kila mmoja anaipunguza njiani.

Aliitikia kabla sijamaliza. Akasema kwa ng'ombe ni hivyo hivyo. Anayelala karibu na maji anatoa maziwa, na anayetembezwa mbali mpaka kisimani anayaacha maziwa barabarani. Mbuga nzima ya majani inakupa vibuyu vichache. Akaongeza kwamba ndiyo sababu upande ule wa hifadhi ya wanyama nyumbu ni wengi kupita kuhesabika, na simba ni wachache. Mama yangu, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu kwa haraka, akasema huyu mkwe ana akili, na wakaendelea kutembea wawili mbele yetu wakiongea kwa mikono.

Mimi na mume wangu tukawafuata taratibu. Tulikuwa tumeshapatana tangu asubuhi ile ya ndoo, lakini pale ndipo aliponiambia kwamba wali wetu wa jioni huwa unanuka dagaa pia. Nikamwuliza kwa nini hajawahi kusema. Akasema alidhani ni mapishi ya kwetu.

Mbele kidogo wale mama wawili wakasimama. Kwenye mchanga kulikuwa na kambare mkubwa aliyetupwa na mawimbi, amekwisha kuliwa nusu. Inzi walikuwa juu yake, kaa wadogo wa ziwani chini yake, na kuzunguka pale mimea ya ufukweni ilikuwa imestawi kuliko kwingine. Mama yangu hana maneno ya kuzungushazungusha. Alionyesha kwa fimbo akasema hakuna kinachopotea hapa, hata huyu ameshaanza kuwa majani, na yeye mwenyewe akifa wasimchimbie mbali, wamweke karibu na mchicha wake.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimkanyaga mguu mama yangu, mume wangu akakohoa. Tangu msiba hatukuwa tumetamka neno kufa mbele ya mama mkwe. Tulikuwa tunasema baba alipoondoka, baba alipotutoka, baba alipopumzika, ilimradi tulizunguke.

Mama mkwe alimtazama yule kambare kwa muda. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Baba yako tulimlaza pembeni ya zizi."

Mume wangu akasema ndiyo, mama.

"Na mvua zimeshanyesha."

Akasema ndiyo, tena zilikuwa nzuri.

"Basi majani yameota. Na ng'ombe hawaachi majani ya pembeni ya zizi, wanayaanza hayo wakitoka asubuhi." Mume wangu alikuwa amenishika mkono bila kujua, na alikuwa ananiumiza. "Kumbe bado anawalisha."

Akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini kilitoka tumboni, na machozi yakamtoka nacho, akayafuta kwa ncha ya khanga huku anacheka. Alisema mzee yule hakuwaamini vijana na ng'ombe wake hata siku moja, alikuwa akiamka mwenyewe kuwafungulia, hata akiwa na homa, na yeye alikuwa akimgombeza kwamba atakufa akiwa zizini. Alimzungumzia hivyo kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, mambo ya ujana wao, ugomvi wao, fahali aliyewahi kumtupa mzee kwenye miba na yeye akacheka mpaka mzee akamnunia. Mama yangu akaweka fimbo chini akakaa mchangani kumsikiliza, na korongo wakajilia dagaa wanavyotaka.

Jua lilipokuwa la utosini tukarudi kwa mama yangu tukakaa kivulini. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu yenye mchanga, akatulia. Halafu akaweka mkono tumboni, akatazama chini kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa.

"Nzala," alisema.

Ni neno la Kisukuma, maana yake njaa. Alilisema kwa mshangao, si kwa kutuomba. Nikamtazama mume wangu, mume wangu akanitazama. Mama akarudia kwa Kiswahili, labda alidhani hatukusikia, kwamba ana njaa, njaa kweli, tumbo linamsokota.

Mama yangu akaruka. Akamwuliza mkwe wake angependa kula nini, na mkwe akasema chochote, ila samaki. Hapo ndipo shida ilipoanza, maana katika nyumba ya mama yangu kuna samaki wabichi, samaki wakavu, samaki wa moshi na mafuta ya samaki. Mama yangu alisimama katikati ya jiko lake akiwa amejaliwa kila kitu na hana kitu. Akatoka nje akapaza sauti kwa majirani. Mmoja akaleta viazi vitamu vilivyotoka kuchemshwa, mwingine mlenda kwenye sufuria isiyonuka, mwingine karanga, na yule wa nyumba ya tatu akaleta ugali wake mwenyewe aliokuwa ameshausonga kwa ajili ya watoto wake, akasema watoto watasubiri. Nikakagua kila chombo kwa kumpa mume wangu anuse, kwa sababu pua yangu haiaminiki. Alivipitisha vyote.

Mama mkwe alinawa akala. Alikula viazi na maganda yake. Alimega ugali kwa matonge makubwa ya mtu aliyetoka shamba, akachovya mlenda, akanyonya vidole. Hakuongea na sisi wala hakutuangalia. Mama yangu akawa anamsogezea sahani moja baada ya nyingine, na yeye akawa anazipokea, na ugali ulipoisha akauliza kama upo mwingine.

Mume wangu aliinuka akasema anakwenda kuangalia tairi. Nilimpa muda, kisha nikamfuata. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari na uso kwenye viganja, mabega yakitikisika, na dereva wa mchomoko amesimama pembeni hajui la kufanya. Nikamwinua, nikamfuta uso kwa khanga yangu, nikamwambia tairi liko sawa, arudi kivulini ale kabla mama hajamaliza vyote.